Ukurasa wa Kumi na Nne

Batri ilikuwa imekufa tena. Godelieve alibonyeza kitufe mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa nguvu, mara ya tatu kwa hasira, na kompyuta ikabaki imenuna mezani, kioo cheusi, haina habari na mtu. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Jua lote la mji wa Baraka lilikuwa linapiga juu ya pano ya sola pale kwenye bati, na bado mashine haikuwa na nguvu hata ya kuwasha kijitaa chake kimoja cha kijani. Orodha ya watoto wa chanjo wa Lweba ilikuwa pembeni yake kwenye karatasi, majina mia mbili na zaidi, yote yakisubiri kuingizwa kabla ya saa sita.

Hakuhitaji kuuliza ni nani. Katika biro ile ya mradi wa afya walifanya kazi watu wawili tu. Mmoja alikuwa yeye, sekretari, aliyejifunza kuchapa kabla ya vita. Wa pili alikuwa Fabien, shemeji yake, mdogo wa mume wake Anatole, ambaye kazi yake yote ilikuwa kufuta vumbi kwenye pano, kuongeza maji kwenye batri, na kuhakikisha kuwa sekretari akifika anakuta umeme. Kazi hiyo Fabien aliifanya vizuri sana, ila umeme wote aliokusanya aliumaliza mwenyewe kabla sekretari hajafika.

"Shemeki," Godelieve alisema bila kugeuka, maana alijua yuko mlangoni. "Moto wa batri uko wapi?"

"Batri iko muzima, Mama Ketsia. Ilichoka tu."

"Ilichoka na kazi gani?"

Fabien alijikuna shingo. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, na kwapani alikuwa amebana daftari lake nene la visanduku ambalo hakuliachia hata akienda chooni. "Tulifika etaji ya sita," alisema. "Leo tulikuwa karibu kabisa."

Mchezo wenyewe uliletwa ndani ya disketi na fundi mmoja wa Uvira. Alikuja kuifunga ile mashine kuukuu, akalala siku tatu, akaondoka na kuacha nyuma disketi hiyo pamoja na majarida mawili ya Kifaransa yasiyo na jalada. Ulikuwa mchezo wa zamani, wa mistari mitupu. Unaanzia mjini, unakusanya watu sita, unawapa majina na panga, kisha unashuka nao katika magofu ya chini ya ardhi, vyumba na milango, etaji baada ya etaji, yaani ghorofa zinazokwenda chini, mkikutana na mizimu na mazimwi. Huoni magofu yote, unaona ukuta ulio mbele ya pua yako tu, kwa hiyo mchezaji lazima achore ramani mwenyewe kwenye karatasi, kisanduku kwa kila hatua. Watu sita wa Fabien aliwapa majina ya samaki wa ziwani na viungo vyao: Mukebuka, Sangala, Kuhe, Ndagala, Chumvi na Pilipili. Miezi mitano iliyopita wote sita walikufa kwenye etaji ya saba.

Na hapo ndipo ulipoanza ugonjwa. Katika mchezo huu maiti hawapotei. Wanabaki palepale walipoangukia mpaka uunde kundi lingine, lishuke njia ileile, liwabebe na kuwapandisha mjini. Fabien aliunda kundi lingine. Kila asubuhi kundi hilo lilishuka hadi etaji ya sita, likafika kwenye ngazi ya kuteremkia ya saba, likageuka, likarudi mjini mikono mitupu. Batri hapo imekwisha. Miezi mitano, kwa ajili ya samaki wa kwenye kioo. Godelieve akilifikiria jambo hilo alisikia kichwa kinamgonga.

Lakini alichokitaka kwa Fabien hakikuwa umeme. Alitaka jibu moja. Mwanzoni mwa mwaka 1999, vita vilipowakuta Baraka, Anatole na mdogo wake walikimbilia milimani kwa njia ya Fizi, naye Godelieve akavuka ziwa na binti yake Ketsia kwenda Kigoma. Alirudi mwaka 2001, akamkuta Fabien mjini, peke yake. Sasa ni 2003, na muda wote huo, kila akiulizwa, Fabien alijibu maneno yaleyale matatu: tulipotezana mu njia. Godelieve hakuwa mke, maana mume hayupo. Hakuwa mjane, maana mama mkwe wake, Mama Pulchérie, alikataa katakata kukalia matanga ya mtu asiye na shahidi wala kaburi wala hata konzi ya udongo wa mahali alipolala.

"Mutoto yangu simulilie kama sijue iko wapi," Mama Pulchérie alikuwa akisema, na ilikuwa haki yake.

Basi walikaa hivyo, wanawake wawili na sahani moja ya ziada kabatini, na mtu pekee aliyeweza kuwaambia chochote alikuwa anatafuta Sangala na Pilipili.

"Acha samaki, Shemeki," Godelieve alisema asubuhi ile. "Anatole ulimwacha wapi?"

Fabien akavuta kiti, akaangalia dirisha. Godelieve alijua kinachokuja, na kweli kikaja.

"Unajua, Mama Ketsia, hii michezo haikuanza na mashini. Ilianza na karatasi."

Ukimuuliza habari za kaka yake alikuwa bubu. Ukimwachia michezo alikuwa redio. Alieleza jinsi Wamarekani, miaka ile nchi ilipokuwa inaitwa Zaire, walivyokaa mezani na penseli na dadu zenye nyuso nyingi, mmoja akisimulia magofu, wengine wakisema tunaingia mlango huu, tunaacha ule. Alieleza jinsi wanafunzi wa chuo walivyoyaingiza magofu hayo ndani ya mashine kubwa ya shule, mashine iliyonunuliwa kwa masomo. Wakubwa wakayafuta, wanafunzi wakayarudisha, wakubwa wakafuta tena, na mmoja akayaficha chini ya jina la somo ili yaonekane kazi. Hapo Fabien alitabasamu kidogo, kama mtu anayesimulia habari za wajomba zake. Halafu wakaja wengine waliochora magofu kwa herufi tupu, mtu akiwa alama moja ndogo na zimwi akiwa herufi kubwa, na kila ukianza mashine inachimba magofu mapya.

"Ile ya maherufi ilikuwa mubaya," alisema. "Mutu akikufa, anafutika. Unaanza na mwingine. Hii yetu iko na huruma. Mutu yako anabaki pale pale, anakungojea."

"Nilikuuliza juu ya Anatole."

"Nilisikia."

"Na unasema nini?"

"Tulipotezana mu njia."

Godelieve alichukua kalamu akaanza kunakili majina ya Lweba kwa mkono, na kila jina alilikandamiza mpaka karatasi ya chini nayo ikaandikika.

Mchana, batri ilipopata nguvu, aliufuta ule mchezo. Baada ya siku mbili ulikuwa umerudi. Akaufuta tena, akaichukua na disketi, akaitia chini ya unga nyumbani kwake. Mchezo ukapotea kabisa, na wiki nzima Fabien alitulia, akafuta pano kwa bidii, akamsalimu kila mtu. Godelieve alijisikia mtu mwenye akili. Ila batri iliendelea kuchoka, na hakuelewa kwa nini, mpaka Alhamisi wageni walipokuja.

Walikuwa wawili, pasta mmoja mzee kutoka Uvira na mhasibu wake, wameshuka kwenye mtumbwi wa mota suruali zikiwa zimelowa hadi magotini, na walitaka kuona ripoti ya chanjo ya Swima. Godelieve aliona pale katika orodha jina limeandikwa wazi kabisa, RAPPORT VACCIN SWIMA, akashukuru Mungu, maana hakukumbuka kama aliimaliza. Akalifungua. Kioo kikawa cheusi, kisha ikatokea mistari ya kuta mbili, mlango katikati, na chini yake maneno ya Kiingereza. Kitu chenye pembe kikasimama mlangoni.

Pasta alivaa miwani yake, akainama, akaangalia muda mrefu.

"Hii njo Swima?" aliuliza kwa upole.

Fabien alikuwa amekwisha kutoka nje. Godelieve aliomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kisha akatafuta ripoti ya kweli ndani ya makaratasi, na wageni walipokwisha kuondoka aliketi peke yake akasikia aibu inampanda tangu miguuni. Mume hana, jibu hana, na sasa hata jina la mtu mwenye kazi yake hana. Juu ya meza ya pembeni, kwa mara ya kwanza tangu amjue, Fabien alikuwa ameliacha daftari.

Godelieve alilifungua. Visanduku, mistari, mishale, misalaba, vinamba vidogo. Ukurasa baada ya ukurasa wa magofu yasiyokuwepo, yamechorwa kwa rula, safi kuliko ripoti yoyote iliyowahi kutoka katika biro ile. Usafi huo ndio uliomaliza uvumilivu wake. Alilichukua, akatembea nalo hadi sokoni kwa Georgette.

Georgette aliuza karanga za kukaanga karibu na mahali mitumbwi inapoegeshwa, na kilio chake cha kila siku kilikuwa karatasi. Karanga zake zilikunjwa kwenye karatasi yenye umbo la pembe, na tangu vita vifunge maduka alikuwa anakunjia chochote, barua za watu, vitabu vya nyimbo, hata fomu za kodi.

"Yote hii ni ya mi?" aliuliza, akilipima uzito. "Mama Ketsia, uko na homa?"

"Chana," Godelieve alisema. "Chana yote."

Alirudi akitembea kama mtu aliyetua kuni kichwani. Furaha hiyo ilidumu muda wa kunywa chai.

Fabien alirudi jua likiwa limeanza kuelekea milimani. Aliangalia meza ya pembeni. Akaangalia chini yake. Akaangalia juu ya kabati, ambapo hata mtoto angejua daftari haliwezi kupanda lenyewe.

"Mama Ketsia, kaye yangu iko wapi?"

"Nilimupa Georgette afungie karanga."

Alisubiri kelele. Alikuwa amezitayarishia majibu, mazuri, marefu, yenye pasta wa Uvira ndani yake. Fabien hakupiga kelele. Aliketi chini kwenye saruji, mgongo kwenye ukuta.

"Yote?"

"Yote."

"Ya nyuma pia?"

"Ya mbele, ya katikati, ya nyuma. Yote si ni mashimo yako?"

"Ya nyuma haiko muchezo," Fabien alisema. "Ya nyuma ni njia. Kutoka misheni ya Fizi mupaka fasi Anatole alilala. Kisanduku moja ni hatua mia moja."

Nje mtu alikuwa anapiga misumari kwenye mtumbwi. Godelieve alizisikia nyundo tano au sita.

"Alilala namna gani?"

Fabien alitikisa kichwa tu, na hilo lilitosha. Godelieve alikuwa amejua. Miaka minne mtu mzima haketi kimya milimani bila hata kutuma salamu. Lakini lile jambo alilojua lilikuwa lake, aliliweka mahali anapotaka, akaligeuza anavyotaka, na sasa lilikuwa limesemwa, limesemwa na mtu aliyeketi sakafuni, siku ileile ambayo yeye Godelieve ameigawa njia ya kaburini kwa muuza karanga. Hakulia. Alikasirika mno hata kulia. Alivaa kandambili zake akakimbia.

Georgette alikuwa amekwisha kuchana nusu. "Nilikwambia uko na homa," alisema, lakini alipouona uso wa Godelieve aliacha mzaha, akamkabidhi kilichobaki cha daftari. Kurasa za mbele tu, magofu matupu. Alikuwa ameanza kuchana kwa nyuma, kwa sababu nyuma karatasi ilikuwa safi zaidi.

Pembe nane zilikuwa bado kwenye sinia. Godelieve alizinunua zote, akazimwaga karanga ndani ya kitenge, akazinyoosha karatasi juu ya paja. Namba zilikuwa pembeni, ndani ya duara: mbili, tano, sita, tisa, na nyingine nne. Kwenye ukurasa wa tano aliusoma mto, umechorwa kama mlango. Zilizobaki zilikuwa mikononi mwa watu. Alimfuata mwendesha pikipiki aliyekuwa anatafuna akiwa ameegemea pikipiki yake, akamwomba karatasi, na yule kijana akampa akidhani ni wazimu, ukurasa wa kumi na moja. Alimsimamisha mama mmoja mwenye mtungi. Alimsimamisha mwalimu wake wa zamani wa katekisimu, Mzee Placide, aliyekuwa amekwisha kula karanga zote na alikuwa anasafisha miwani kwa ukurasa wa saba. Aliokota wa kwanza kwenye matope. Wa tatu mbuzi alikuwa ameuanza, akamnyang'anya ukiwa umepungua kona moja, na mwenye mbuzi akacheka mpaka akashika tumbo. Hapo Godelieve alimwambia maneno ambayo sekretari wa mradi wa afya hatakiwi kuyajua.

Baada ya kama saa moja alikuwa na kumi na tatu. Alizipanga juu ya benchi la Georgette. Ukingo wa ukurasa mmoja uliingia sawasawa kwenye ukingo wa mwingine, njia ikitoka kwenye kijumba chenye msalaba, misheni, ikipanda, ikikata mto mara mbili, ikizunguka mwamba. Juu kabisa ya ukurasa wa kumi na tatu palikuwa na mshale unaotoka nje ya karatasi, na pembeni ya mshale, kwa mwandiko mdogo wa Fabien: 14.

"Iko moja tena," alisema. "Georgette, fikiri."

Georgette alifikiri. "Balinunua bantu ba mutumbwi wa Swima," alisema. "Bale kule."

Mtumbwi ulikuwa unasukumwa majini. Godelieve aliingia ziwani na kitenge chake, maji yakamfika kiunoni, akashika ubao wa pembeni, na mbele ya abiria wote akamwomba mwanamume mmoja mnene amkabidhi karatasi yake ya karanga. Mwanamume alikataa. Zilikuwa karanga zake, alisema. Godelieve akamwaga zile za kitenge chake zote kwenye mapaja ya yule bwana, za pembe nane, na akanyakua. Mota ikawaka. Alisimama ndani ya maji akiinyoosha karatasi, akatafuta namba ndani ya duara, na hapakuwa na duara. Ilikuwa etaji ya tatu. Kando ya mlango mmoja Fabien alikuwa ameandika: hapa Ndagala aliumwa na buibui.

Alirudi bironi amelowa. Fabien alikuwa palepale sakafuni, hakusogea hata kidogo, na jambo hilo lilimuudhi karibu kupita yote. Mji mzima umemcheka yeye, na mwenye daftari hakunyanyua hata mguu. Lakini alikuja na deni la maneno, na aliona afadhali ayaseme mara moja yaishe.

"Nilipata kumi na tatu," alisema. "Ya kumi na ine nimeipoteza. Iliingia mu ziwa ao mu tumbo ya mbuzi, sijue. Nisamehe, Shemeki. Nilikosa."

Fabien alizitazama kurasa zilizolowa mafuta na chumvi. Ilikuwa rahisi sana kwake kusema haidhuru. Godelieve mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango huo, angepita tu, na hatia ya ule ukurasa ingebaki mabegani kwa shemeji yake mpaka wazeeke.

"Hukuipoteza," alisema mwishowe. "Haikuwako. Sikuichora."

"Juu ya nini hukuichora?"

"Juu ile njia sikuitembea."

Kisha akasema, akiwa anaongea na magoti yake. "Balimupiga risasi mu paja, kule juu. Nilimubeba siku moja. Siku ya pili nikamulaza chini ya jiwe, nikamwambia naenda kutafuta mayi ya kunywa. Nikasikia masasi. Nikakimbia, sikurudi. Alikuwa angali anapumua, Mama Ketsia. Aliniita na jina yangu, mara mbili."

Akaendelea bila kuinua uso.

"Kisha mwezi moja njo nilirudi. Muchungi moja wa ngombe akanikuta mu njia, Byiringiro, Munyamulenge. Akasema ndugu yako aliishi siku mbili tena. Yeye njo alimunywesha maziwa, yeye njo alimuzika. Akaonyesha na fimbo: pale. Mi sikwenda. Niligeuka, nikashuka mupaka Fizi, nahesabu hatua juu nisisikie ile sauti mu kichwa. Na hapa Baraka, fasi Banyamulenge banaitwa adui, ningesema nini, na vita ile? Kama ndugu yangu alikufia mu mikono ya Munyamulenge, na mi ndugu yake nilikuwa nakimbia?"

Godelieve alitaka kumpiga na kitu kizito, na kitu kizito kilichokuwa karibu kilikuwa mashine ya kutobolea karatasi, na aliiangalia kabisa. Alimchukia. Halafu akamwona, mtu mzima mwenye mvi mbili kando ya sikio, anashuka kila asubuhi hadi etaji ya sita na kurudi, na huruma ikamshika, na huruma hiyo ikamkasirisha upya, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amefiwa na hakuna aliyemwachia nafasi ya kufiwa kwa utulivu. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, maji yakimchuruzika.

"Mu muchezo yako," alisema, "bale babaki chini, nani anaenda kubatoa?"

"Kundi ingine."

"Na kama hilo kundi linaogopa?"

Fabien alifikiri. "Mashini haiulizake," alisema.

"Mi pia siulize. Nunua kaye ingine."

Mama Pulchérie alipoelezwa aliinuka, akaitoa ile sahani ya ziada kabatini, akaiosha ingawa ilikuwa safi. Kisha akaleta kitambaa cheupe. Hakumlaani mwanawe mdogo wala hakumbariki. "Muniletee udongo," alisema tu.

Walipanda siku ya nne, kwa miguu, wakalala Fizi, na kulipokucha wakaanzia kwenye kijumba chenye msalaba. Godelieve alizishika kurasa, Fabien alitembea mbele akihesabu. Ramani haikukosea mahali. Ilisema visanduku kumi na viwili hadi mto, na mto ulikuwa pale. Ilisema mwamba upande wa kushoto, na mwamba ulikuwa pale, na kila ilipokuwa kweli Godelieve alizidi kuudhika, maana mtu mwenye kichwa namna ile angeweza kumwambia mambo haya miaka miwili iliyopita kwenye kikombe cha chai. Alimwambia hivyo. Alimwambia kwenye ukurasa wa nne, akarudia kwenye wa nane. Fabien aliitika tu, akaendelea kuhesabu. Kwenye ukurasa wa tatu, pale mbuzi alipokula kona, walipotea kidogo wakarudi.

Ukurasa wa kumi na tatu uliisha mahali pa kawaida kabisa, kwenye njia ya ng'ombe, majani mafupi, upepo. Fabien alisimama. Miguu yake ilijiweka sawa pamoja, kama mtu aliyefika ukingoni mwa ngazi.

"Hapa njo niligeuka," alisema.

Godelieve alifungua daftari jipya, akaandika 14 pembeni, akaitia ndani ya duara. Aliacha ukurasa wote wazi, maana hakujua ni mbali kiasi gani. "Hesabu," alisema.

Fabien hakuhesabu. Godelieve akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa shemeji yake, akaanza kuhesabu mwenyewe, kwa sauti, na baada ya ishirini Fabien akaingia naye. Walipita kichuguu. Walipita jiwe kubwa lenye kivuli, na hapo Fabien aliacha kuhesabu, mkono wake ukawa mzito, na Godelieve akahesabu kwa niaba ya wote wawili mpaka wakalipita. Nyuma ya jiwe ardhi ilishuka kidogo.

Palikuwa na mawe yamepangwa, urefu wa mtu, na kuyazunguka palikuwa na boma la matawi ya miiba ili ng'ombe wasikanyage. Matawi hayo hayakuwa ya miaka minne. Majani mengine yalikuwa bado ya kijani. Ng'ambo ya bonde ng'ombe walikuwa wanakula, na mtu mmoja mwenye kofia aliinua fimbo yake juu, akaishusha, akabaki huko huko.

Hatua mia mbili na arobaini. Godelieve aliliweka daftari juu ya goti akachora visanduku viwili na kipande cha tatu, akatia msalaba. Ukurasa mwingine wote ulibaki mtupu.

Fabien alikuwa amesimama nje ya miiba, kitambaa cheupe mkononi, haingii. Godelieve alisubiri. Alimsubiri kwa mara nyingine tena, kama alivyozoea, kisha akaona atazeekea pale, akausogeza mwiba mmoja pembeni na kumvuta ndani.

"Anatole," alisema, "nimekuletea ndugu yako. Alinichokesha sana, lakini nimemuleta."

Kisha akaketi kwenye majani, akalia kilio alichokuwa amekiweka tangu mwaka 1999, na Fabien akapiga magoti kando yake akaanza kukusanya udongo.